Mdonoaji wa manyoya: jeni zake zitazame mgongoni mwa jirani

Baridi ya mwezi wa sita ikishaanza kuuma, kuanzia Uyole mpaka Makambako, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, maswali ninayoletewa na wafugaji hubadilika. Yanakuja ya kuku kulana. "Mtaalamu, habari za kazi. Jana nimetoa watatu, mkiani kumebaki nyama tupu. Dawa yake nini?" Kabla sijajibu, mfugaji mwenyewe keshanitajia ushauri aliopewa na majirani: ongeza chumvi, ongeza dagaa, kata midomo, chinja yule mwenye damu mdomoni.

Ushauri huo si wa kutupa wote. Chumvi ikipungua kwenye chakula kuku hudonoana kweli, na protini ikiwa haba, hasa kijenzi chake kiitwacho metionini, manyoya ndiyo yanayolipa. Lakini chukua mabanda mawili yanayopakana. Chakula wananunua kwa muuzaji yule yule wa Mwanjelwa, maranda yanatoka kiwanda kimoja cha mbao Mafinga, na bado banda moja linaweza kuwa shwari huku jingine likitoa mizoga kila asubuhi. Hapo inabidi kuwatazama kuku wenyewe: wametoka ukoo gani, na wiki zao za kwanza walilelewaje. Kazi yangu ni jenetiki ya kuku, na jambo hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu linagusa hata namna tunavyochagua jogoo na mitetea wa kuzalisha.

Kwanza tutenganishe mambo, maana kudonoana kuko kwa namna nyingi na anayezichanganya atatibu kisichoumwa. Upo ugomvi wa cheo: kuku anamdonoa mwenzake kichwani au kwenye upanga, mwenzake anainama, yameisha. Huo hutulia kundi likishajuana. Upo mdono mwepesi, kuku anachezea ncha za manyoya ya mwenzake na mwenyewe wala hajisumbui kugeuka. Halafu upo ule mzito: anashika unyoya, anauvuta mpaka ung'oke, na mara nyingi anaumeza. Na mwisho kuna kudonoa sehemu ya kutagia, hasa mitetea wanapoanza kutaga, pale nyama ya ndani inapochomoza kidogo yai likishatoka. Hizi namna mbili za mwisho ndizo zinazoua.

Nikiingia bandani siangalii midomo, naangalia sakafu. Kuku hupukutisha vinyoya vidogo kila siku, kwa hiyo kwenye banda lisilo na tatizo utavikuta vimetapakaa juu ya maranda. Ukikuta sakafu imefagika, haina hata kinyoya, jua vinaliwa. Kisha nashika kuku kadhaa na kupekua mgongoni, pale mkia unapoanzia, karibu na tezi ya mafuta. Dalili ya mwanzo ni manyoya yaliyokatika ncha na kubaki vijiti. Baadaye ngozi inabaki wazi, inakuwa nyekundu, ndipo damu. Mfugaji anayeona tatizo siku ya damu amelipata likiwa limeshakaa wiki nyingi.

Anayekula manyoya si kuku mkorofi. Ugomvi na ulaji wa manyoya ni tabia mbili, na ukoo unaweza kuwa na moja bila kuwa na nyingine. Jogoo wa Kuchi, kienyeji chetu cha kupigana, anaweza kupigana hadi alale, na hilo peke yake halikuambii kama binti zake watakula manyoya. Mdonoaji wa manyoya anafanya kile ambacho kuku aliumbwa akifanye kutwa nzima, yaani kuchakura na kudonoa akitafuta chakula, ila amekielekeza kwa mwenzake. Tena manyoya anayomeza yana kazi tumboni: yanasukuma chakula kama zinavyofanya nyuzinyuzi ngumu. Ndiyo maana mashudu ya alizeti yenye maganda, au majani ya kabichi yaliyoning'inizwa kwa kamba, hupunguza tabia hii kwa kuku ambao bado hawajaizoea sana.

Kwamba tabia hii inarithiwa, hilo lilishathibitishwa. Miaka ya 1990 huko Denmaki, Jørgen Kjaer na wenzake walichukua White Leghorn, kuku weupe wa mayai, wakaanzisha koo mbili. Katika ukoo mmoja wazazi walichaguliwa kwa kudonoa sana, katika mwingine kwa kudonoa kidogo. Vizazi vichache tu koo hizo zikawa zimeachana waziwazi, na baadaye zikaendelezwa Ujerumani, Chuo Kikuu cha Hohenheim. Tabia isiyo na mizizi kwenye jeni haiwezi kusogea namna hiyo. Ni kweli kiwango chake cha urithi si kikubwa. Vipimo vilivyochapishwa vinaanzia karibu na sifuri hadi takriban asilimia 38, kutegemea umri wa kuku na jinsi midono ilivyohesabiwa. Kinachobaki ni mazingira. Lakini mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Rungwe anajua kwamba hata sifa yenye urithi wa wastani husonga mbele ukiichagulia kwa subira.

Jeni ya kudonoa, moja, yenye jina hilo, haipo. Kuku ana jozi 39 za kromosomu, na tabia hii imetawanyika humo katika sehemu nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Mwaka 2009 watafiti walihusisha kudonoa manyoya na jeni ziitwazo DRD4 na DEAF1. Ya kwanza ndiyo inayotengeneza kipokezi kimoja cha dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Jeni ya kipokezi cha serotonini, kemikali nyingine ya aina hiyo, nayo imetajwa ilipochunguzwa hali ya manyoya ya kundi. Kwa hiyo tunachokirithisha ni ubongo unaopima hamu, utulivu na hofu kwa namna fulani. Kudonoa ni tunda la ubongo huo ukikutana na banda lisilofaa.

Hapa ndipo msongo unapoingia. Kuku akitishwa, akibanwa au akishikwa na baridi, ubongo hutuma ujumbe hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya kortikosteroni. Uswisi, watafiti waliwapa kuku wa mayai homoni hiyo ndani ya chakula, na kudonoa manyoya kukaongezeka. Uholanzi nako waliwapima vifaranga wa koo mbili, mmoja wa wadonoaji na mwingine wa watulivu. Vifaranga wa wadonoaji walikuwa na mzunguko mdogo wa serotonini na dopamini ubongoni, na walipobanwa kortikosteroni yao haikupanda sana kama ya watulivu. Yaani usitarajie kumtambua mdonoaji kwa kutafuta kuku mwenye homoni nyingi ya msongo kwenye damu. Anaweza kuwa ndiye aliyetulia kuliko wote. Walipowapa vifaranga triptofani nyingi, kirutubisho ambacho mwili hukitumia kutengeneza serotonini, ile midono myepesi ilipungua. Lakini tusikimbilie kununua triptofani ya unga. Kiasi walichotumia ni kikubwa mno kwa chakula cha biashara, na kuku akikomaa picha ya ubongo wake hubadilika.

Msongo wa mama nao humfikia mtoto. Katika utafiti mwingine wa Uholanzi uliochapishwa 2014 walifuatilia makundi ya wazazi na vifaranga wao. Kwa Dekalb White, kuku wa mayai weupe, wazazi wenye kortikosteroni nyingi na manyoya mabovu walizaa vifaranga waoga zaidi, wenye kudonoa zaidi katika wiki ya kwanza. Kwa ISA Brown, ambao ni wa kahawia, athari hiyo ya wazazi haikuonekana. Ukoo mmoja unapitisha msongo, mwingine unauzuia, na hiyo yenyewe ni jenetiki. Utafiti huo huo uliona kwamba vifaranga walionyimwa matandazo mapema, au matandazo yao yakawa ya kubahatisha, walidonoana zaidi walipokuwa wakikua. Hapa kwetu kuna desturi ya kutandika magazeti juu ya maranda vifaranga wakifika, ili wasile maranda. Siku mbili tatu hakuna neno. Nimekuta magazeti hayo wiki ya tatu, yameloa na kugandamana, na vifaranga hawana cha kuchakura isipokuwa mwenzao.

Vifaranga waliolelewa na kuku mama hudonoana kidogo na hawaogopi ovyo. Sehemu ya sababu ni kwamba mama huwafunika, wakalala gizani huku wengine wakiwa macho nje ya mbawa zake, kwa hiyo mwenye usingizi hadonolewi na asiye na usingizi. Wenye vifaranga mia tano hawawezi kupata mama wa kuwatosha. Lakini wanaweza kutengeneza kivuli cha joto: boksi au bati lililo juu ya kitoa joto kisichotoa mwanga, likafungwa pembeni kwa vipande vya kitambaa kizito. Ninachokiona mara nyingi huku nyanda za juu ni kinyume chake. Kwa hofu ya baridi, balbu kali inawaka usiku kucha, banda limezibwa kwa turubai pande zote, hewa ya mkojo inachoma macho. Mwanga mkali peke yake unaongeza kudonoa. Toa joto, punguza mwanga, acha hewa ipite juu ya vichwa vyao.

Anayedonolewa pia hapatikani kwa bahati tu. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Linda Keeling na wenzake, waliomchanganya White Leghorn na kuku wa mwitu mwekundu, babu wa kuku wote wa kufugwa. Katika kizazi cha pili cha machotara hao, kuku waliorithi kwa baba na kwa mama umbo la kimwitu la jeni ya PMEL17, ile inayoruhusu rangi nyeusi kutokea kwenye manyoya, walidonolewa vibaya kuliko waliobeba umbo jeupe. Hali ilikuwa mbaya zaidi pale wenye rangi walipokuwa wengi katika kundi. Nalitaja hili kwa ajili ya watu wa chotara. Ukichanganya kuku walioboreshwa kama Sasso au Kuroiler na kienyeji chetu, kizazi cha pili kinatoka na rangi za kila namna: weusi, wenye madoa, wekundu, weupe. Ukiona waliochakaa mgongo ni wa rangi fulani tu, usianze kuwaza laana wala ugonjwa.

Sasa nifike kwenye kiini. Sifa nyingi za kuku unaweza kuzipima kwa kuku mwenyewe. Mayai yake unayahesabu, uzito wake unaupima. Kudonoa hakuko hivyo. Jeni za mdonoaji zinaandikwa mgongoni mwa jirani yake. Yeye mwenyewe ana manyoya kamili, ana afya, anataga vizuri, na akija mtu wa kuchagua mbegu atamchagua yeye. Katika banda lililokumbwa na kudonoana, mtetea aliyebaki na manyoya ya kung'aa anaweza kuwa mwenye bahati, anaweza kuwa ndiye aliyewavua wenzake. Kwa kumtazama huwezi kujua. Ukimfanya mama wa kizazi kijacho, umepanda mbegu ya kilio cha mwakani.

Bruce Griffing alishaonyesha kwa hesabu mwaka 1967 kwamba pale viumbe wanapoathiriana, kuchagua mmoja mmoja aliye bora kunaweza kurudisha kundi zima nyuma. Aliyeithibitisha kwa kuku ni William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Alichukua White Leghorn, hakukata midomo, akawaweka kwenye vizimba vya kuku wengi, kila kizimba mabinti wa jogoo mmoja. Wakati wa kuchagua hakumtazama kuku mmoja. Kizimba kizima ama kilichukuliwa, ama kiliachwa, kulingana na uhai na mayai ya wote waliomo.

Matokeo aliyoyachapisha 1996 huwa nayarudia kwa kila anayenisikiliza. Katika kizazi cha pili vifo vilikuwa asilimia 68 kwa mwaka. Kufikia kizazi cha nne vilikuwa asilimia 8.8, karibu sawa na kuku wasiochaguliwa waliokuwa wakikaa peke yao kwenye kizimba, ambao hawakuwa na wa kuwadonoa. Mayai kwa kila kuku aliyeingizwa yalipanda kutoka 91 hadi 237. Uzito wa yai haukubadilika. Hakuna chanjo, hakuna chakula kipya, hakuna wembe wa moto wa kukatia midomo. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kuwa mzazi.

Siri iko kwenye kuwaweka ndugu pamoja. Mdonoaji akiwa na dada zake wenye jeni kama zake, hasara anayoileta inaangukia kwenye familia yake mwenyewe. Familia ya wadonoaji inajimaliza na inaonekana kwenye daftari. Familia ya wapole inabaki na idadi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, akina Piet Bijma na Esther Ellen, wameiendeleza hesabu hiyo kwa kugawa thamani ya kuku kama mzazi katika mafungu mawili: anachojifanyia mwenyewe na anachowafanyia wenzake. Katika baadhi ya koo walizopima, sehemu kubwa ya tofauti za kurithi katika kuishi au kufa ilitoka kwenye fungu la pili. Mfugaji anayechagua kwa fungu la kwanza tu anaacha hazina nusu nzima shimoni.

Wembe nao niuseme. Kukata mdomo kunapunguza madhara, si tabia. Kuku bado anataka kudonoa, ila silaha imefanywa butu. Ncha ya mdomo imejaa neva, na ikikatwa vibaya na mtu mwenye haraka, kwa kisu kilichopashwa kwenye mkaa, kuku hula kwa maumivu kwa muda mrefu. Norwe, Uswidi na Finland zimepiga marufuku jambo hili na ufugaji wao wa mayai haukufa. Simlaumu mfugaji anayekata kwa sababu ameshapoteza kuku wengi na hana njia nyingine wiki hiyo. Ninachosema ni kwamba kwa mtu anayezalisha mbegu, kukata mdomo kunamfichia taarifa anayoihitaji kuliko zote. Kundi lililokatwa midomo haliwezi kukuonyesha ni ukoo upi wa kuacha.

Mtu wa kuku wa mayai wa kisasa, anayenunua vifaranga wa Hy-Line, Lohmann au ISA kila baada ya mwaka na nusu, hachagui wazazi. Wazazi wamechaguliwa mbali, katika koo safi ambazo hatuzioni, na kifaranga anayemfikia ni mchanganyiko wa mwisho usiofaa kutotoleshwa tena. Uwezo wake ni kuuliza na kuandika. Awaulize wanaomuuzia wazazi wa vifaranga hao wana umri gani na manyoya yao yakoje. Aandike aina, tarehe, na hali ya migongo wakiwa na wiki 20 na wiki 40, ili mwaka ujao asinunue kwa kumbukumbu ya kichwani. Na kama ana mabanda mawili, asichanganye aina mbili za rangi tofauti ndani ya banda moja.

Mwenye nguvu zaidi, ingawa hajui, ni mfugaji wa chotara na kienyeji. Huyu ndiye anayeamua kila msimu jogoo yupi abaki. Wataalamu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walishaeleza koo za kienyeji chetu kama Kuchi, Ching'wekwe, Singamagazi na huyu anayeitwa kwa jina la Mbeya, na tofauti zao za umbo na mwili ni kubwa. Watu husema kienyeji hana tabia ya kulana. Akizurura shambani kutwa, akichakura chini ya migomba ya Tukuyu, kweli huioni, kwa sababu hana sababu wala nafasi ya kuionyesha. Mfungie mia mbili kwenye chumba kimoja na utaiona. Hata kuku wa mwitu akifungiwa hudonoa manyoya. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza kienyeji cha kufungiwa lazima akichague kikiwa kimefungiwa.

Na hilo linawezekana bila maabara. Tenga majogoo matano au sita wasio ndugu, kila mmoja na mitetea wake. Vifaranga wa kila jogoo watie alama, pete ya rangi mguuni inatosha, na mitetea wao wakue kila familia katika chumba chake, vyumba vikiwa sawa kwa nafasi, mwanga na chakula. Usikate midomo. Hesabu walioingia, hesabu waliobaki hai wakifika wiki 40, hesabu mayai ya chumba kizima ukigawa kwa walioingia, si kwa waliobaki. Hilo la mwisho ndilo watu hulikosea, maana chumba kilichopoteza nusu ya kuku kinaweza kuonekana hodari ukigawa mayai kwa walionusurika tu. Halafu pita chumba kwa chumba ukishika kuku wote na kuwapa alama ya mgongo: sifuri kwa manyoya kamili, moja kwa yaliyokatika, mbili kwa ngozi wazi, tatu kwa jeraha.

Jogoo wa msimu ujao atoke kwenye chumba ambacho dada zake wote wako vizuri, hata kama dada mmoja wa chumba kingine anataga kuliko wote kijijini. Asipandishwe dada zake. Mpeleke kwenye mitetea wa familia ya pili kwa ubora, na wa familia hiyo mlete huku, la sivyo baada ya vizazi vichache utakuwa umepata kuku wapole ambao mayai yao hayaanguliwi. Mwenye vyumba viwili tu ashirikiane na wenzake wa kikundi, kila mmoja akilea familia moja au mbili na madaftari yakikaa mahali pamoja. Na mayai ya kuanzia yakusanywe mapema ili vifaranga wapite wiki zao nne za kwanza kabla ya baridi kali ya mwezi wa sita na wa saba, maana ukiwalea kwenye baridi hiyo utashindwa kujua unachopima ni ukoo au ni turubai na balbu.